Ananda: Furaha Iliyofanywa Jina

Ananda ni jina la mtu lenye asili ya Kisanskriti, na kamusi hulimaliza kwa neno moja: furaha. Katika maandishi ya kitaalamu irabu ya kwanza hutiwa alama ya urefu, kwa kuwa hutamkwa kwa kuvutwa, aa-nan-da. Kamusi haikosei, ila inaficha mengi. Neno hili limebishaniwa na wanafalsafa wa India kwa zaidi ya miaka elfu mbili, na ubishi wao haukuwa wa wanasarufi peke yao. Kiini chake ni kama furaha ni kitu anachokipata mtu, au ni kile alicho tangu mwanzo, ila hajijui. Mzazi anayempa mwanawe jina la Ananda huenda anamtakia heri tu. Hata hivyo jina lenyewe limepita mikononi mwa watu waliolichukua kama dai kuhusu asili ya vitu vyote.

Neno lina vipande viwili. Mzizi wake ni nand, kufurahi, na mbele ya mzizi kuna kiambishi ā-, ambacho hapa huutia utimilifu. Orodha ya kale ya mizizi ya vitenzi inayofuatana na sarufi ya Panini huueleza mzizi huu kwa neno samriddhi, yaani ustawi, hali ya kunawiri. Kwa hiyo furaha inayosemwa hapa inafanana zaidi na shamba lililokubali mvua kuliko tabasamu la dakika moja. Ndugu wa jina hili wanathibitisha hivyo: Nanda ni mfugaji aliyemlea Krishna, Nandini ni ng'ombe wa ajabu wa mwonaji Vasishtha, na Nandi ni fahali anayepandwa na mungu Shiva. Wote watatu wananuka zizi, na katika jamii iliyohesabu utajiri kwa mifugo hilo halishangazi.

Msomaji wa Kiswahili ana nafasi nzuri ya kuona ugumu wa kulitafsiri. Kiswahili kina furaha na kina raha, maneno mawili yaliyotoka Kiarabu, na hayaendi njia moja. Furaha huwa na sababu: mtu hufurahia jambo fulani, habari njema au mgeni aliyewasili. Raha ni hali ambayo mtu hukaa ndani yake, na aliye raha mustarehe haulizwi anafurahia nini. Kisanskriti nacho kina sukha, neno la starehe na unafuu, ambalo kinyume chake ni duhkha, taabu. Ananda haina kinyume kilichozoeleka namna hiyo. Inachukua msisimko wa furaha na utulivu wa raha kwa pamoja, na ndiyo maana wanaotafsiri husitasita, leo wakaandika hili na kesho lile.

Matumizi ya kale kabisa hayakuwa ya kifalsafa. Katika Rigveda, mkusanyo wa kale wa nyimbo za ibada, neno linatokea katika kitabu cha tisa, kilichotengwa kwa ajili ya Soma, kinywaji cha ibada. Wimbo mmoja humo unaomba kufikishwa katika ulimwengu wa kutokufa ambako furaha za kila aina zimekusanyika. Baadaye, katika maandiko ya matambiko na katika Upanishadi ya Brihadaranyaka, ananda inapewa makao mwilini: kama jicho lilivyo mahali pa maumbo yote na sikio mahali pa sauti zote, viungo vya uzazi ndivyo mahali pa ananda zote. Maana yake ni raha ya tendo la ndoa, na pamoja nayo furaha ya kupata mtoto aliyefanana na baba yake. Mtafiti Patrick Olivelle alichapisha mwaka 1997 makala inayofuatilia njia hii ya neno, kutoka kilele cha mwili hadi upeo wa roho. Waumini wengi wa leo hawapendi kukumbushwa asili hiyo, lakini haina aibu. Wahenga wale walitafuta mfano wa hali ambayo ndani yake mtu husahau mpaka kati ya nafsi yake na kitu kingine, wakauchukua ulio karibu na kila mtu mzima.

Andiko lililolipandisha neno hili daraja ni Upanishadi ya Taittiriya, ambayo wataalamu huiweka takriban karne ya 6 au ya 5 kabla ya Kristo. Ndani yake mtu anafunuliwa tabaka kwa tabaka. Tabaka la nje limetengenezwa kwa chakula, ndani yake lipo la pumzi, kisha la fikra, kisha la utambuzi, na ndani kabisa lipo lililotengenezwa kwa ananda. Kila tabaka linaelezwa kwa umbo la ndege. Ndege wa mwisho ana upendezi kuwa kichwa, shangwe kuwa bawa la kulia, shangwe kuu kuwa bawa la kushoto, ananda kuwa kiwiliwili, na Brahman, uhalisi wa mwisho, kuwa mkia anaoegemea. Mkia huo utazua mzozo mkubwa, kama itakavyoonekana.

Andiko hilohilo linafanya jambo la nadra katika vitabu vya dini: linapima furaha kwa hesabu. Kipimo cha kwanza ni kijana mwema, msomi, mwepesi wa kutenda, imara na mwenye nguvu, ambaye dunia nzima imejaa mali kwa ajili yake. Raha ya kijana huyo ni moja. Wapo viumbe wa juu waitwao gandharva wa kibinadamu, ambao raha yao moja ni sawa na mia za kijana yule. Mia za hao ni moja ya gandharva wa kimungu, mia za hao ni moja ya wazee waliotangulia, na ngazi inaendelea kupita madaraja ya miungu, Indra, Brihaspati na Prajapati, hadi raha ya Brahman. Hatua ni kumi, na kila hatua inazidisha mara mia, kwa hiyo tarakimu ya mwisho ni 1 yenye sifuri 20 mbele yake. Hesabu hiyo ingekuwa mchezo tu kama isingekuwa na kiitikio. Kuanzia daraja la pili, kila moja linapotajwa, andiko linaongeza kwamba raha hiyohiyo anayo pia mjuzi wa Veda asiyepigwa na tamaa. Mtu mmoja aliyekaa kimya kwenye mkeka wake, bila dunia kujazwa mali kwa ajili yake, amepanda ngazi nzima bila kuinua mguu. Ngazi imejengwa ili ionekane haihitajiki.

Sura inayofuata inasimulia habari za Bhrigu, aliyemwendea baba yake Varuna akataka kufundishwa Brahman. Baba hakumpa jibu. Alimwambia akajitese kwa tafakuri, na kijana akarudi mara ya kwanza na jibu kwamba ni chakula, kisha pumzi, kisha fikra, kisha utambuzi, na kila mara akarudishwa. Alipotambua kwamba ni ananda, kwamba viumbe huzaliwa kutoka humo, huishi kwa hiyo na hurejea humo, hakurudi tena kuuliza.

Kutoka neno la namna hii hadi jina la mtoto kuna hatua, na hatua hiyo ilikuwa na sheria zake. Mtoto wa Kihindu hupewa jina katika sherehe ya namakarana, ambayo sheria za Manu huiweka siku ya kumi au ya kumi na mbili baada ya kuzaliwa. Vitabu vya kale vya ibada za nyumbani, cha Paraskara kikiwa kimojawapo, vilitaka jina la mvulana liwe na silabi mbili au nne, lianze kwa konsonanti ghuna, na katikati liwe na sauti kama y, r, l au v. Wasichana ndio waliopewa majina ya silabi zisizogawanyika kwa mbili. Kwa kipimo hicho Ananda ni jina baya la mvulana, kwa sababu lina silabi tatu na linaanza kwa irabu. Watu walilitumia hata hivyo, na hapo panaonekana jinsi kanuni za vitabuni zilivyokuwa mbali na midomo ya mama na mashangazi.

Mtu mashuhuri kuliko wote aliyewahi kuitwa hivyo hakuwa mfuasi wa Veda. Ananda, binamu yake Buddha, alikuwa mhudumu wake kwa miaka ishirini na mitano ya mwisho. Maelezo ya Kipali, lugha ya maandiko ya Wabuddha wa kusini, yanasema alipewa jina hilo kwa sababu kuzaliwa kwake kuliwafurahisha jamaa. Alijaliwa kumbukumbu isiyo ya kawaida, na mapokeo yanamhesabia mafundisho 84,000 aliyoyahifadhi kichwani. Ni yeye aliyemwombea Mahapajapati Gotami, mama mlezi wa Buddha, ruhusa ya wanawake kuingia utawani, jambo ambalo watawa wenzake walimlaumu kwalo baadaye.

Jina lake lina kitendawili. Katika Kipali mzizi uleule nand umezaa neno nandi, uchangamfu wa kung'ang'ania, na Mulapariyaya, fundisho linalofungua mkusanyo wa Majjhima Nikaya, linaitaja nandi kuwa ndiyo mzizi wa mateso. Mtawa aliyekuwa karibu zaidi na Buddha aliitwa kwa neno lililo ndugu wa tumbo moja na chanzo cha mateso. Maisha yake yanasomeka kama ufafanuzi wa jina hilo. Alikuwa mwenye mapenzi mengi, na mapenzi hayo ndiyo yaliyomchelewesha. Buddha alipokuwa akikata roho huko Kusinara, Ananda alikuwa bado hajafikia ukombozi, akaegemea mlango akalia. Wakati wa baraza la kwanza la watawa 500 huko Rajagaha, lililoongozwa na Mahakassapa, ilibidi awe amekombolewa ndipo aketi. Alihangaika usiku kucha bila mafanikio. Karibu na alfajiri aliamua kulala, na ukombozi ukamfikia miguu ikiwa imeshaacha ardhi na kichwa hakijagusa mto. Aliupata alipoacha kuukimbilia. Mapokeo hayakosi mzaha wa upole hapa.

Ubuddha ulipovuka milima, watafsiri walilazimika kuamua kama jina ni sauti au ni maana. Wachina walifanya yote mawili: waliandika sauti, Anan, na waliandika pia maana, jina la shangwe. Watibeti walishika maana, wakakifuata hata kiambishi: kun ni "yote", ga ni furaha, na Ananda akawa Kunga, Furaha Yote. Jina hilo lingali linapewa watoto wa Tibet, na Sachen Kunga Nyingpo (1092–1158), mmoja wa waasisi wa shule ya Sakya, alilibeba. Sikio la Mswahili litashtuka, lakini kunga hizi hazina uhusiano wowote na zile anazofundisha kungwi.

Upande wa Wahindu, mzozo ulijikita katika kiambishi tamati kimoja. Taittiriya inaliita lile tabaka la ndani kabisa anandamaya. Tamati -maya katika Kisanskriti ina maana mbili: chungu ni udongo-maya kwa kuwa kimefinyangwa kwa udongo, na sadaka ni chakula-maya kwa kuwa imejaa chakula tele. Je, anandamaya ni kilichofinyangwa kwa furaha, au ni kilichojaa furaha? Brahmasutra, kitabu cha mafungu mafupi yanayojaribu kuzipatanisha Upanishadi, kinasimama upande wa wingi na kusema anandamaya ni Brahman mwenyewe.

Mfafanuzi Shankara, ambaye kwa kawaida huwekwa karne ya 8, alikieleza kitabu hicho kama kilivyo, kisha akageuka na kutoa maelezo mengine. Ndege yule ana kichwa, mabawa na mkia. Brahman hana viungo. Tena Brahman ametajwa kuwa mkia, yaani egemeo, kwa hiyo haiwezekani awe ndege mzima. Anandamaya basi ni ganda jingine tu, jembamba kuliko yote, na furaha halisi iko nyuma yake. Kuhusu hoja ya wingi alijibu kwa mfano wa kijijini: mtu akisema kijiji kimejaa Wabrahmani, tayari amekiri kwamba wamo wachache wasio Wabrahmani. Kusema Mungu amejaa furaha ni kumwachia chembe ya huzuni. Kwa Shankara, furaha si sifa ya uhalisi wa mwisho. Ndio uhalisi wenyewe, kama joto lilivyo moto.

Ramanuja, ambaye mapokeo yanamweka kati ya 1017 na 1137, hakukubali. Kwake anandamaya ni Bwana, mwenye furaha isiyo na kipimo, na nafsi ya mtu huishiriki bila kuwa yeye. Furaha isiyo na mwenye kuifurahia haikumwingia akilini. Baadaye mfafanuzi mwingine, Madhva, akaenda mbali zaidi akifundisha kwamba hata waliokombolewa hawalingani, kila nafsi ina kadiri yake ya ananda. Mtu huweza kuyaona haya kuwa mabishano ya tamati, lakini ndani ya tamati hiyo limo suala zima la kama muumini anatumaini kumezwa au kukaribishwa.

Wapinzani wakali zaidi walikuwa wanamantiki wa shule ya Nyaya. Walishikilia kwamba ukombozi ni kukoma kwa maumivu, basi. Vatsyayana, mfafanuzi wao wa kale, aliuliza swali ambalo halijapata jibu jepesi: anayetafuta ukombozi kwa kuwa anaitamani raha ya milele, tamaa yake imekwisha vipi? Aliye katika tamaa bado amefungwa. Waliopendelea ananda walijibu zaidi kwa dhihaka kuliko kwa hoja. Ilisemwa kwamba heri kuwa mbweha katika misitu ya Vrindavana kuliko kupata ukombozi wa namna hiyo. Mshairi Shriharsha, wa karne ya 12, katika utenzi wake kuhusu mfalme Nala, alimpa mhusika mmoja maneno ya kejeli kwamba mtu aliyewafundisha wenye akili kugeuka mawe alistahili jina lake: mwanzilishi wa Nyaya aliitwa Gotama, na go-tama huweza kusomwa "ng'ombe kuliko ng'ombe wote". Kichekesho ni kizuri, ila swali la Vatsyayana bado limesimama.

Tungo mashuhuri sat-chit-ananda, "uwepo, fahamu, furaha", ambayo leo hutajwa kama muhtasari wa Vedanta, falsafa inayotegemea Upanishadi, haimo kwa umbo hilo katika Upanishadi za kale. Taittiriya yenyewe inamtaja Brahman kuwa kweli, ujuzi na ananta, yaani asiye na mwisho. Ananta na ananda yanakaribiana sana kwa sauti, hata mtaalamu wa Kijerumani Paul Deussen akapendekeza kwamba andiko lisomwe kwa neno la pili. Majina mawili ya watu yanachanganywa kwa njia hiyohiyo hadi leo. Ananta linatokana na an-, "bila", na anta, "mwisho", na halina undugu wowote na furaha.

Watawa wa Kihindu ndio waliolieneza neno hili duniani, lakini kama mkia wa majina mengine. Anayeikana dunia na kuwa sannyasi hufanya kwanza ibada za maziko yake mwenyewe, kisha hupewa jina jipya, mara nyingi linaloishia kwa -ananda. Kanuni ya sauti huziunganisha irabu mbili kuwa moja ndefu: viveka, upambanuzi, na ananda hutoa Vivekananda. Narendranath Datta, aliyezaliwa 1863, ndiye aliyelibeba jina hilo hadi Bunge la Dini huko Chicago mwaka 1893. Dayananda Saraswati (1824–1883), "furaha ya huruma", alianzisha Arya Samaj mwaka 1875, na tawi la chama hicho lilifunguliwa Nairobi 1903, mji wenyewe ukiwa bado mabati na mahema ya reli. Majina haya husomwa kwa njia mbili: furaha itokayo katika upambanuzi, au mtu ambaye furaha yake ni upambanuzi. Kisanskriti kinaruhusu zote.

Kwa wanawake umbo la kawaida ni Anandi. Anandi Gopal Joshi, mmoja wa wanawake wa kwanza wa India kupata shahada ya udaktari wa Kimagharibi, alizaliwa Yamuna mwaka 1865 na akapewa jina la Anandi na mumewe alipoolewa, kama ilivyokuwa desturi ya Maharashtra. Alihitimu Pennsylvania mwaka 1886 na akafa kwa kifua kikuu mwaka uliofuata, akiwa na miaka 21. Filamu ya Anand ya mwaka 1971, iliyoongozwa na Hrishikesh Mukherjee, inaushika uchungu wa aina hiyo kwa makusudi: Rajesh Khanna anaigiza mgonjwa wa saratani anayejua siku zake zimehesabika, na ndiye mchangamfu kuliko wote waliomo.

Katika Kihindi na Kigujarati irabu ya mwisho imeanguka, jina likawa Anand. Wabengali hulitamka kama Anondo. Nchini Thailand lilikuwa jina la mfalme Ananda Mahidol, aliyetawala 1935 hadi 1946. Si kila Ananda ni huyu, hata hivyo: katika Kimalei na Kiindonesia ananda ni neno la heshima la kumwita mtoto, limeundwa kutoka anak, na kufanana kwake na Kisanskriti ni sadfa. Mcheza chesi Viswanathan Anand, bingwa wa dunia kutoka 2007 hadi 2013, ni mfano wa jina linalosomwa kinyume. Kwa desturi ya Kitamil, Viswanathan ni jina la baba, na Anand ndilo lake. Walimwengu waliomzoea kwa kifupi cha Vishy wamekuwa wakimwita kwa jina la mzee wake.

Masikh walilichukua neno na kulifanya la jumuiya. Guru Amar Das (1479–1574) alitunga utenzi uitwao Anand, wenye beti 40, na ndoa ya Kisikh huitwa Anand Karaj, tendo la furaha, iliyotambuliwa na sheria ya India ya mwaka 1909. Bwana na bibi arusi hukizunguka kitabu kitakatifu mara nne. Mafundi wa Kisikh waliokuja kujenga reli ya Uganda mwishoni mwa karne ya 19 waliileta ibada hiyo Afrika Mashariki, na hekalu lao la Makindu, kando ya barabara ya Mombasa kwenda Nairobi, lilijengwa 1926. Kila ibada inapokaribia mwisho husomwa beti tano za kwanza za Anand na ile ya arobaini. Kisha hugawiwa chakula, bure, kwa msafiri yeyote aliyesimama hapo.